Huyo mtoto wa shaba anayetambaa ni nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwezi uliopita nilinunua kwa muuza vyuma chakavu hapa Tanga kisanamu cha shaba cha mtoto mchanga anayetambaa. Kina urefu wa sentimita 9, na kwenye mizani ya duka la jirani kilifika gramu 612. Goti na kiganja cha kushoto viko chini. Mkono wa kulia ameunyanyua, ameshika kitu cha mviringo. Uso umelika, pua ni kama haipo. Kwenye mikunjo ya shingo na mapaja kuna wekundu uliokauka. Muuzaji aliniapia kuwa ni mungu wa Kihindi na kwamba ndani ni dhahabu. Mama mkwe anasema wekundu ule ni damu, niutoe huo uchawi nyumbani. Naomba kujua ni nani huyu, ameshika nini, ana thamani gani, na nimfanyeje.

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na ule wekundu, maana naona ndio ulioleta mtafaruku. Si damu. Wewe mwenyewe umewahi kuutengeneza bila kujua: kanzu nyeupe imedondokewa na mchuzi wenye manjano, ukaipaka sabuni, na doa likageuka jekundu papo hapo. Manjano ikikutana na sabuni, magadi au chokaa hufanya hivyo. Wahindu waliitumia kanuni hiyohiyo tangu zamani kutengeneza kumkum, unga mwekundu wa kupaka kwenye paji la uso, la mtu au la sanamu: manjano pamoja na chokaa, chokaa ya jamii moja na ile inayotiwa kwenye tambuu. Siku hizi nyingi ya dukani ni rangi ya kiwandani, lakini asili yake ndiyo hiyo. Unga ukichanganyika na mafuta na maji ya kuogeshea hujificha kwenye mikunjo, mahali kidole hakifiki, ukakaa humo miaka.

Tena huyu uliye naye hapewi nyama wala damu kamwe. Chakula chake ni cha maziwa, nafaka na matunda, na wengi wa wanaomhudumia hawagusi nyama wala mayai. Wapo ambao hata kitunguu hawakitii kwenye chungu chake. Mpe mama mkwe salamu zangu, mwambie mtoto huyu ni mla siagi.

Na siagi ndiyo aliyoishika. Tufe lile ni donge la siagi mbichi, ile inayojitenga na mtindi baada ya kusukwasukwa, kabla haijapikwa ikawa samli. Kwa Kisanskriti huitwa navanita. Mtoto mwenyewe ni Krishna, mungu wa Wahindu, umri wa kabla ya kusimama dede, na kwa umbo hili huitwa Bal Krishna, yaani Krishna mtoto. Kwenye nyumba za kaskazini ya India utasikia pia jina Laddu Gopal, kwa kuwa wapo wanaoliona donge lile kuwa ni laddu, madonge matamu ya unga wa dengu. Mafundi hawabishani sana juu ya hilo. Mviringo ni mviringo.

Hadithi yake ni ndefu, nitachukua kipande kinachohusu shaba yako. Imesimuliwa kwa mapana katika sehemu ya kumi ya Bhagavata Purana, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Mfalme Kamsa wa Mathura aliambiwa kwamba mtoto wa nane wa dada yake, Devaki, ndiye atakayemuua. Akamtia gerezani Devaki pamoja na mumewe Vasudeva, akawa anawaua watoto wao. Wa nane alizaliwa usiku wa manane, na usiku uleule baba yake akambeba, akavuka naye mto Yamuna hadi Gokul, kijiji cha wafugaji wa ng'ombe, akamwacha kwa Yashoda na mumewe Nanda. Kwa hiyo yule ambaye Wahindu wengi humwona ni Vishnu, mungu mlinzi wa ulimwengu, aliyeshuka duniani, na wengine humwona ndiye Mungu mwenyewe, hakuna aliye juu yake, alilelewa zizini, na kitu cha kwanza alichojulikana nacho kijijini kilikuwa wizi.

Aliiba siagi. Akina mama wa Gokul walivitundika vyungu vyao kwenye susu, juu kabisa, ili paka na watoto wasivifikie. Yeye akapanda juu ya kinu kilichogeuzwa, au juu ya migongo ya wenzake, akakitoboa chungu, akala, na kilichobaki akawagawia nyani. Majirani wakija kushtaki, Yashoda akimtazama usoni anashindwa kukasirika. Siku moja aliamua kumfunga kwenye kinu. Akachukua kamba, kamba ikapungua vidole viwili. Akaiunga na nyingine, ikapungua vidole viwili vilevile. Akaunga kamba zote za nyumbani na bado pakabaki pengo la vidole viwili. Mwishowe mtoto akamwonea huruma mama yake aliyekuwa anatweta, jasho linamtoka, akakubali kufungwa. Ndiyo asili ya jina Damodar, mwenye kamba tumboni, jina la kawaida sana kwa Wagujarati.

Nimekusimulia hilo la kamba kwa makusudi. Wanaoabudu kwa njia hii hawatafuti ukuu wa Mungu, ukuu wanaujua. Wanachokishangaa ni kwamba aliye mkubwa hivyo aliruhusu afungwe na mama mmoja mfugaji, kwa sababu tu mama huyo alimpenda bila kumwogopa. Kuna neno lao kwa upendo wa namna hiyo, vatsalya, linalotokana na vatsa, ndama. Ni ule upendo wa ng'ombe anayemlamba ndama wake.

Sasa mchukue tena umtazame, safari hii kama mzazi. Kiganja cha kushoto chini, goti la kushoto chini, mguu wa kulia umekunjwa kwa mbele tayari kusukuma. Kichwa hakikuelekea anakokwenda. Kimeinuliwa au kimegeuzwa pembeni. Mtoto yeyote uliyemkuta na sukari mkononi hukaa hivyohivyo: mwili unakimbia, uso unaangalia kama mama ameona. Fundi ameuchagua ule muda mfupi wa kukamatwa. Angalia pia utosini, nywele zimefungwa shungi. Kifuani, kama hapajalika sana, huenda ukaona kidani chenye kitu kilichopinda kama mwezi mchanga. Hapo fundi kwa kawaida huonyesha ukucha wa chui milia, ambao huko India walivalishwa watoto kuwakinga na mabaya. Ni hirizi, mwanangu. Mama yako alikuvalisha yako na Yashoda alimvalisha wake. Waumini wengine humtia hata nukta ya wanja shavuni, ili jicho la hasidi lisimpate. Wanamwita Bwana wa ulimwengu na papo hapo wanamkinga na kijicho cha jirani, wala hawaoni kasoro yoyote katika hilo.

Maana ya siagi imeandikwa sana, na mengine yaliyoandikwa ni ya kujazia karatasi. Mawili ninayaona yana uzito. La kwanza ni la zamani kuliko hadithi ya Gokul: Shvetashvatara Upanishad, andiko lao la kale, inasema Nafsi Kuu imefichika ndani ya mtu kama mafuta yalivyomo ndani ya ufuta na samli ndani ya mtindi. Ukiutazama mtindi huoni samli. Lazima usukwe, tena usukwe kwa muda, ndipo kitu laini kipande juu. Siagi basi ni kile kilichopatikana kwa taabu kutoka moyoni mwa mtu. La pili ni jinsi anavyoichukua: haombi, anaiba. Waumini husema huo ndio wizi wake wa kweli, anaiba mioyo, na aliyeibiwa hulalamika huku akiacha mlango wazi makusudi. Zaidi ya hapo, ukikuta mtu anakuambia kidole hiki maana yake hivi na goti lile maana yake vile, msikilize kwa adabu, kisha urudi kuitazama pua.

Maana jibu la swali lako liko kwenye pua.

Sanamu nyingi za Kihindu hutengenezwa zitazamwe. Shiva anayecheza ndani ya duara la moto, kwa mfano, kila kiungo chake kimepangwa kisomeke kama ukurasa: ngoma, moto, mkono wa kutuliza hofu, mguu uliomkanyaga kibeti wa ujinga. Huyu wako hakufanywa asomwe. Alifanywa alelewe. Hana kiti wala ua la yungiyungi chini yake, amewekwa wazi pande zote, kwa sababu kila siku kuna mtu wa kumvua nguo, kumwogesha na kumvalisha nyingine. Huko India nguo zake huuzwa madukani kwa namba za ukubwa kama viatu vya watoto, pamoja na vilemba, vidani, filimbi ya urefu wa kidole, kitanda, mto na bembea.

Siku yake huwa hivi. Asubuhi huamshwa taratibu, kwa wimbo au kengele ndogo, maana mtoto hashtuliwi. Huogeshwa kwa maji ya uvuguvugu, na siku maalumu kwa vitu vitano: maziwa, mtindi, samli, asali na sukari. Hufutwa kwa kitambaa laini, hupakwa liwa ya msandali, huvalishwa kufuatana na majira: pamba nyepesi wakati wa joto, kijinguo chenye sufi wakati wa baridi. Hupewa chakula, juu yake jani la tulsi, jamaa ya mrehani na kivumbasi, kisha pazia hufungwa ili ale kwa faragha. Mchana hulala. Jioni hupewa tena chakula, huimbiwa, hulazwa. Katika mwezi wa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, usiku wa kuzaliwa kwake, hukaa watu macho hadi saa sita, kisha akawekwa kwenye susu ya kitoto na kila aliyepo akavuta kamba kidogo kumbembeleza.

Hesabu sasa. Bafu moja kwa siku, kitambaa kimoja kupita usoni kwa siku, miaka 60. Shaba ni ngumu lakini haishindi kitambaa cha bibi. Pua hutangulia, halafu nyusi, kidevu, donge la siagi, goti lililojitokeza. Uso wa namna hiyo hauna thamani kwa anayetafuta sanaa ya kioo cha makumbusho, na nimewahi kumsikia mnunuzi mmoja akisema "huyu ameharibika". Kwangu mimi ndiyo hati yake. Kuna mtu alimgusa kila siku.

Wapo Wahindu ambao kwao jambo hili ndilo kiini chote cha dini. Njia yao huitwa Pushtimarg, Njia ya Neema, iliyoanzishwa na Vallabhacharya (1479–1531). Makao yao makubwa ni Nathdwara, Rajasthan, ambako sanamu ya Shrinathji, umbo mojawapo la Krishna, iliwekwa mwaka 1672 baada ya kuhamishwa kutoka mlima Govardhan karibu na Mathura. Pazia hufunguliwa mara nane kwa siku, toka kuamka hadi kulala. Huko huko Nathdwara yupo pia Navnitpriyaji, "apendaye siagi mbichi", naye ni mtoto anayetambaa, donge mkononi. Wako ni wa ukoo huo. Hekalu lao hawaliiti hekalu. Huliita haveli, jumba, kwa sababu ni nyumba ya Nanda na mtoto anaishi humo. Na sanamu hawaiiti sanamu. Huiita svarup, umbo lake mwenyewe. Ukimwambia mfuasi wa njia hiyo kwamba kitu hiki kinamwakilisha Krishna, atakusahihisha: huyu ndiye.

Nilitabasamu niliposoma barua yako. Ilianza na "kisanamu", "kina urefu", "kilifika gramu 612". Ikaishia "ni nani huyu, ameshika nini, nimfanyeje". Hujalitambua, lakini njiani umemhamisha kutoka ngeli ya vitu ukamtia kwenye ngeli ya watu. Wao wangekuelewa.

Si kila sanamu dukani hupewa hadhi hiyo. Kwa Wahindu walio wengi, shaba ni shaba mpaka ifanyiwe ibada ya kutiwa pumzi. Katika Pushtimarg, kiongozi wa ukoo wa Vallabha huipokea, huiogesha, huipamba na kuipa chakula, kisha humkabidhi mwenye nyumba. Toka hapo ni mtoto wa nyumba hiyo. Ndiyo maana niliuliza moyoni mara moja: huyu alifikaje kwa muuza vyuma chakavu?

Pwani yetu inajua watu hawa tangu zamani, ingawa kwa jina la jumla tu. Neno letu Baniani limetokana na vaniya, mfanyabiashara kwa Kigujarati, na methali tuliyoipachika, baniani mbaya kiatu chake dawa, inaeleza zaidi jinsi tulivyokopa kuliko jinsi walivyoishi. Miongoni mwao walikuwamo Wabhatia, jamii ya wafanyabiashara wa Kutch, magharibi mwa India, karibu wote wafuasi wa Vallabha, waliokuwa na biashara Muscat kabla ya kuvuka nayo hadi Unguja. Jairam Shivji, ambaye nyumba yake ya biashara ilikodishiwa forodha ya Zanzibar kwa miongo mingi kuanzia enzi za Seyyid Said, alikuwa Mbhatia. Bahari ilikuwa na masharti makali kwao juu ya chakula, maji na usafi, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 wanaume walikuja peke yao, wake wakabaki Kutch. Huwa nawawaza wanaume wale, daftari la hesabu limefungwa, karafuu imepimwa, wanapanda orofani kumlaza mtoto wa shaba huku watoto wao wa damu wako upande wa pili wa maji. Baadaye familia zikaja, nao Walohana, Wapatel na wengineo, na kabati la ibada likawa sehemu ya kila nyumba, Tanga ikiwamo.

Kisha nyumba zikatawanyika. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Sheria ya 1971 iliyotaifisha majumba ya kupangisha Tanzania. Uganda, Agosti 1972, Idi Amin akawapa Waasia siku 90. Lakini nisikutie chumvi. Aliyefuata taratibu hakumwacha svarup wake nyuma: alimfunga kwenye kitambaa akambeba kifuani, au akamkabidhi kwa familia nyingine, au kwa haveli. Mara nyingi njia ni ya kawaida kuliko historia kubwa: bibi amefariki, watoto wako Leicester au Toronto, mjukuu anauza nyumba na vilivyomo kwa mkupuo, dalali hajui kutofautisha mungu na kibanio cha karatasi. Nimeona vifaa vya ibada vya kila dini kwenye magunia ya vyuma, misalaba na vyetezo vya udi humohumo.

Dhahabu sasa, tuimalize. Jaza kikombe maji pomoni, kiweke ndani ya bakuli kavu, mtumbukize mtoto kwa uzi, upime maji yaliyomwagika kwa bomba la sindano la duka la dawa. Shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, ina uzito wa gramu 8.5 hivi kwa kila mililita. Gramu 612 zitamwaga takribani mililita 72. Dhahabu tupu ni gramu 19.3, ingemwaga mililita 32 tu. Natarajia 72. Visanamu vidogo namna hii humiminwa vikiwa vimejaa, na hakuna fundi aliyekuwa na sababu ya kuficha dhahabu ndani ya shaba. Ukisikia habari ya "metali nane" za baraka, ndiyo, ipo mapokeo ya kuchanganya chembe za madini ya thamani kwenye sanamu, lakini ni chembe, na muuzaji wa kila sanamu hudai yake inazo.

Umri hupimwa kwa macho. Mgeuze. Kama chini ya tumbo na nyuma ya viwiko kuna alama za patasi na tupa, zisizolingana kushoto na kulia, alitengenezwa kwa nta: fundi alichonga mtoto wa nta, akamfunika udongo, akaichoma nta ikayeyuka ikatoka, akamimina shaba kwenye uwazi uliobaki, kisha akavunja kalibu. Kila mmoja wa hao yuko peke yake. Ukiona mstari mwembamba unaozunguka mwili mzima kama mshono, alitoka kwenye kalibu ya mchanga ya vipande viwili, aina ya kazi iliyotoka kwa wingi katika karne ya 20 kwenye karakana za miji kama Moradabad na Aligarh. Muhuri wa herufi za Kiingereza unaotaja India ni alama ya bidhaa ya kusafirishwa. Maandishi ya Kigujarati, hata herufi mbili, yanakiliwe kwa makini. Huenda ni jina la nyumba.

Kuna ulaghai mmoja wa kuuangalia. Sanamu kuukuu huchukuliwa kalibu, zikamiminwa nyingine nyingi zenye pua iliyolika tayari. Utazijua kwa mabonde yake. Kulika kwa kweli huwa kwenye vilima tu, mahali kitambaa kinapita. Kwenye mabonde, nyuma ya sikio, kati ya vidole vya miguu, mistari ya fundi hubaki mikali. Nakala hufifia kote kwa pamoja. Kwa kuwa wako ana kumkum mabondeni na pua imekwisha, nina imani naye, ila angalia hayo masikio.

Thamani ya sokoni ni ndogo, nisikudanganye. Wenzake ni maelfu kwa maelfu, na bado wanatengenezwa. Fedha kubwa unazozisikia ni za shaba za mahekalu ya kusini mwa India, kama yule Shiva mcheza ngoma aliyenunuliwa na Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Australia mwaka 2008 kwa takribani dola milioni 5 za Marekani, akabainika kuwa aliibwa hekaluni Tamil Nadu, akarudishwa mwaka 2014. Hata hivyo ujue kwamba sheria ya India ya 1972 inakataza kutoa nchini kitu cha kale cha zaidi ya miaka 100 bila kibali. Akitokea mtu akakuambia wake katoka huko juzijuzi na ni wa miaka 200, anakuuzia uongo au anakuuzia kesi.

Kumtunza ni rahisi. Usimsugue kwa dawa ya kung'arishia shaba, wala majivu, wala ukwaju, wala ndimu. Najua waumini wenyewe hutumia ukwaju, lakini wao wanaogesha, na wanaendelea kesho. Wewe utafuta tu. Hudhurungi iliyotulia ni ngozi yake, iache. Ukiona unga wa kijani unaopukutika ukiugusa, hiyo ni kazi ya chumvi ya hewa ya bahari: msugue pole kwa mswaki laini mkavu, muweke mahali pakavu penye hewa, mbali na dirisha la upande wa pwani.

Kuhusu kuwa naye ndani, hilo waulizeni wajuzi wa dini yenu, wewe na mama mkwe. Mimi kazi yangu ilikuwa makabati ya makumbusho na sitoi fatwa. Mkikataa asikae, msimtupe wala kumrudisha kwenye gunia. Kulika kwa kuogeshwa hakumfanyi aonekane amevunjika kwa wenyewe, bado anaweza kuhudumiwa. Waliovunjika hasa, kiungo kimetoka, hupelekwa majini, mtoni au baharini, kwa heshima.

Ushauri wangu ukiuhitaji: siku ukienda Dar es Salaam, mpeleke mtaa wa Kisutu, mahekalu yapo. Nenda asubuhi. Mfunge kwenye kitambaa safi cha pamba, asiwe mfuko mmoja na viatu wala nyama, vua viatu mlangoni, mkabidhi kwa mkono wa kulia. Huna haja ya kueleza mengi. Sema umemleta Bal Krishna, utaona akina mama watakavyomchukua. Na ule wekundu usiutoe. Watamwogesha wenyewe.